Nguzo za Inchi Sita

Kwa siku tisa sikulala vizuri kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi nilioufuta mwenyewe.

Mstari huo ulikuwa kwenye kona ya chini ya mchoro wa nyumba ya baba yangu mkubwa. Ulisema kwamba ukubwa wa nguzo, nondo na msingi utatolewa na mhandisi. Chuoni tulizoea kuuandika bila kuufikiria, kama mtu anavyopiga hodi. Niliuandika. Halafu siku ya kuchapisha, kwenye duka la steshenari pale Mwanga, nikamwomba dada wa kompyuta anipishe kidogo kwenye kiti, nikaufuta. Kisha nikamwambia atoe nakala tatu.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilikuwa nawaza nini wakati ule, nikitumaini nitakuta sababu nzuri. Sijaikuta. Nilikuwa nawaza kwamba baba mkubwa akisomewa maneno yale atauliza, "Mhandisi gani tena? Si wewe?" Na mimi sikuwa na nguvu ya kulijibu swali hilo mbele yake.

Nilisomea usanifu majengo. Hapa kwetu Kigoma neno hilo halina mahali pa kukaa. Mtu anayechora nyumba ni injinia, anayesimamia barabara ni injinia, na hata anayetengeneza redio akiwa hodari huitwa injinia. Niliporudi na shahada, mama, ambaye huuza vitenge katika soko la Mwanga, alikuwa ameshabadilishiwa jina. Wenzake walimwita Mama Injinia. Alianza kuitwa hivyo nikiwa mwaka wa pili, na hakuna aliyeniuliza. Siku ya kwanza niliyomsikia akiitika nilisimama nyuma ya majora nikijiambia kwamba nitalirekebisha kesho, kwa utani, lisimwumize mtu. Ilipita miaka mitatu.

Tofauti yenyewe ni rahisi ukiwa na mtu wa kukusikiliza. Msanifu anaamua mtu ataingilia wapi na atalala wapi, jua la saa tisa litampiga au halitampiga, upepo wa ziwani utapitia dirisha lipi. Mhandisi anaamua kama vyote hivyo vitasimama. Kwenye mchoro wangu nguzo ni kimraba cheusi. Kimraba kile kinasema tu kwamba hapa pataota nguzo. Hakisemi itakuwa nene kiasi gani wala itabeba nini. Hayo huletwa na mtu mwingine, anayeujua uzito wa sakafu na watu na tangi la maji, na aliyeuchimba udongo akaujua. Sisi wasanifu huwa tunavichora vimraba hivyo kwa upana wa ukuta ili visichomoze chumbani, maana nguzo iliyochomoza kwenye kona ya chumba inatukera. Nasema inatukera, lakini labda inanikera mimi tu.

Baba mkubwa ni kaka yake marehemu baba. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kule Ujiji, na nyumba yake ya zamani ilikuwa chini kabisa, karibu na maji. Nilipokwenda chuo ndiye aliyelibeba sanduku langu hadi stesheni, akalipandisha kwenye behewa kwa bega lake, akasimama dirishani mpaka treni ikaondoka. Kisha ikaja ile miaka ziwa lilipopanda. Ukutani kwake pakawekwa alama ya X kwa rangi nyekundu, akaambiwa ahame. Aliipaka chokaa. Ikawekwa tena, akaipaka tena chokaa. Maji yakaingia uani, yakaingia jikoni, na asubuhi moja akaamka akakuta ndala zake zinaelea. Akahamia chumba cha kupanga, yeye na binti yake mjane na wajukuu wanne.

Alipopata kiwanja kule juu, kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya nyumba mbili. Aliniita tukakitazame.

"Hapa nyumba ya chini haitoshi," alisema. "Nataka ghorofa. Duka chini, mimi nilale juu. Maji yakija tena, yanipitie chini."

"Baba, hapa maji hayawezi kufika."

"Hata kule waliniambia hivyohivyo." Akanyoosha mkono kuelekea ziwani. "Na sebule ya juu unipe dirisha kubwa. Nikikaa nilione lote. Lililonifanyia vile nataka nilione linafanya nini."

Nilikwenda nyumbani nikachora kwa furaha ambayo nikiikumbuka sasa naona haya. Mpango wa kawaida ulihitaji nguzo katikati ya sebule, na nguzo ile ilikuwa inakata dirisha vipande viwili. Nikaiondoa. Nikabaki na uwazi wa mita sita, safi, wenye ziwa lote na milima ya Kongo nyuma yake. Nguzo zilizobaki nikazificha ndani ya kuta za tofali za inchi sita. Niliutazama mchoro ule kama kitu kilichotoka kwa mtu anayenizidi uwezo.

Kisha nikaufuta ule mstari, nikampelekea.

Baada ya hapo niliondoka. Nilikwenda Dodoma kutafuta ofisi ya kunipokea, kwa sababu msanifu aliyemaliza chuo hana ruhusa ya kujiita msanifu mpaka afanye kazi chini ya mwingine aliyesajiliwa. Nililala kwa shangazi miezi mitatu, nikipeleka barua na kurudi. Baba mkubwa alikuwa amesema ujenzi utaanza baada ya mvua. Nilijipa moyo kwamba nikirudi nitamtafuta mhandisi kimya kimya, nimpe mchoro, aujaze, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na pengo. Sikupata ofisi. Niliporudi, ujenzi ulikuwa umeanza zamani.

Nilipanda bodaboda kutoka kwetu Gungu hadi Ujiji, na nilipokata kona nikaziona. Nguzo kumi na mbili, nyembamba kama miguu ya korongo. Juu yake mbao zilikuwa zimeshatandazwa na kushikiliwa kwa chini na miti ya mirunda, na nondo za sakafu ya juu zilikuwa zinafungwa.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa makamo aliyevuka kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, akiwa kijana, na kwa Ujiji yote alisifiwa kwa jambo moja: hakuibii saruji, na hageuzi mchoro. Alinipokea kwa kicheko.

"Karibu, binti injinia! Njoo uikague kazi yako." Akatoa mchoro wangu mfukoni, umekunjwa mara nane, una alama za vidole vya saruji. "Mafundi wengine wanakisia. Mimi nilichukua rula. Hiki kimraba chako nimekipima, nikazidisha, nikapata inchi sita kwa inchi sita. Vyote kumi na mbili. Sikuongeza hata ukucha, sikupunguza."

"Na nondo, fundi?"

"Nondo hukuandika. Nikaweka nne nne za milimita kumi, zile tunazoweka kila siku. Umeonaje?"

Hapa ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mirunda ilikuwa bado imeshika, zege la juu lilikuwa bado halijamwagwa, na tulikuwa wawili tu, hakuna wa kuaibika mbele yake. Nilizitazama nguzo. Niliutazama uso wake, ambao ulikuwa unangoja sifa.

"Hongera, fundi," nikasema.

Akaniambia zege litamwagwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Nikahesabu, siku tisa.

Sitasimulia siku zote tisa, kwa sababu zilifanana. Nilifungua madaftari ya mwaka wa kwanza, ambapo wasanifu hufundishwa hesabu kidogo za uzito, kiasi cha kuwafanya waogope na kisichotosha kuwafanya wajue. Nilipiga hesabu nikapata kwamba nguzo zitavunjika. Nikarudia nikapata zitasimama. Nikarudia tena nikagundua kwamba sijui ninachokihesabu. Niliwaza labda naogopa bure, fundi amejenga miaka yote hiyo. Kisha nikawaza kwamba kuogopa bure ndiyo kazi yangu tangu utotoni, kwa hiyo siku hatari ya kweli itakapokuja sitaweza kuitofautisha na zile nyingine. Wazo hilo ndilo lililonimaliza.

Siku ya tano nilikwenda sokoni kumwambia mama. Nilimkuta na mteja, mwanamke mnene mcheshi anayeuza mawese vibanda viwili mbele.

"Mama Injinia," alisema yule mteja, "mwambie mwanao anichoree choo. Cha kwangu kimeinama kama mlevi."

"Choo?" Mama akacheka. "Mwanangu hachori vyoo. Jumamosi anamwaga zege la ghorofa Ujiji. Njoo ule pilau."

Mteja alipoondoka nilikaa kwenye kigoda nikamwambia. Nilimweleza polepole: kuna anayepanga na kuna anayehesabu, na mimi ni yule anayepanga. Mama aliendelea kukunja vitenge.

"Daktari wa meno naye si daktari?" aliuliza.

"Ni daktari, mama. Lakini huwezi kumpelekea moyo akaupasua."

"Wewe kuna mtu kakupelekea moyo?"

"Ndiyo. Baba mkubwa."

Akaacha kukunja. Kwa muda kidogo nilidhani ameelewa. Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, mimi jina hili silipendi kwa majivuno. Baba yako alipokufa, hapa sokoni niliitwa yule mjane. Miaka sita. Sasa wananiita hivi. Unataka nirudi kuitwa nani?" Akanipa kitenge nishike upande mmoja tukunje pamoja. "Kama kuna kosa, mwambie fundi alirekebishe chinichini. Usiwaambie watu."

Siku ya nane nilimpigia simu mwenzangu wa chuo, mhandisi, ambaye sasa yuko mradi mmoja wa daraja mbali na huku. Chuoni tulikuwa tunataniana kila tulipokutana kantini. Nilimtumia picha za nguzo na mchoro. Alipiga baada ya nusu saa.

"Msanifu," alisema, bado kwa utani, "hizi ni nguzo au ni fito za kuanikia nguo?"

"Usinitanie leo."

"Ghorofa moja au mbili?"

"Moja. Na tangi la maji juu."

"Uwazi huu wa mita sita nani kakupa?"

"Nimejipa mwenyewe. Kuna dirisha."

Nilisikia mashine nyuma yake. Aliporudi, utani ulikuwa umeisha. "Nisikilize. Siwezi kukuhakikishia kitu kwa picha. Lakini kama ningekuwa wewe, ningelizuia zege. Nguzo hizi zibebe bati, basi. Zisibebe sakafu."

"Haziwezi kuongezwa unene? Kuvalishwa zege jingine kwa nje?"

"Zinaweza. Ila msingi ulichimbwa kwa ajili ya nguzo hizi hizi, siyo? Utavalisha koti zuri mtu asiye na miguu. Wabomoe waanze upya chini, au waezeke wabaki na nyumba ya kawaida."

"Hawana cha kuanzia upya."

"Basi waezeke."

"Anataka kulala juu," nilisema. "Anataka kuliona ziwa."

"Naelewa," alijibu. Mwishoni akasema nimpigie hiyo Jumamosi kama watataka kumsikia yeye mwenyewe.

Niseme hapa mambo yalivyo leo, ili mtu asije akangoja habari njema. Nyumba ile haijaisha. Mirunda iliondolewa ikapelekwa kwingine, mbao zikarudi kwa mwenyewe, na nondo za sakafu zimekuwa na kutu. Mbuzi wa jirani hujikinga mvua kwenye kile ambacho kingekuwa duka. Baba mkubwa bado anapanga chumba kilekile, na nikimwamkia shikamoo huitikia marahaba akiwa anatazama pembeni, kama anayemwitikia mpita njia. Sokoni mama ameacha kuitwa Mama Injinia. Hakuna aliyetangaza. Jina lilianza tu kukosekana, na sasa anaitwa Mama Vitenge, jina ambalo nusu ya wanawake wa safu ile wanaweza kuliitikia. Mimi sina ofisi, na hakuna anayeniletea kazi ya kuchora. Hata choo.

Na sijui kama nguzo zingeanguka. Hilo ndilo lililobaki. Nyumba ambayo haikujengwa haiwezi kukuthibitishia chochote.

Jumamosi ile nilifika saa mbili asubuhi nikiwa nimechelewa makusudi. Niliwakuta wote. Vijana wa mtaa walikuwa wamejipanga na ndoo, mashine ya kuchanganyia zege imeegeshwa mlangoni, akina mama nyuma wanakaanga vitunguu vya pilau, na mama yangu katikati yao amevaa kitenge kipya. Shehe wa msikiti wa jirani alikuwa amemaliza kusoma dua. Baba mkubwa alivaa kanzu aliyoikunja mpaka magotini ili isichafuke.

"Huyo amekuja!" alisema. "Tulikuwa tunakusubiri. Ndoo ya kwanza utamwaga wewe, injinia wangu."

Hiyo ndiyo desturi. Ndoo ya kwanza humwagwa na mtu wa heshima, nyingine zikafuata. Mtu alinipa ndoo, nikaipokea kwa sababu mikono yangu haijui kukataa. Nilisimama nayo tupu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, ngazi ile pale."

"Baba, zege lisimwagwe leo."

Akacheka kidogo. "Mawingu? Hayo hayanyeshi."

"Siyo mawingu. Nguzo ni nyembamba. Hazitabeba."

Fundi mkuu aliyekuwa juu ya ngazi akageuka. "Unasemaje?"

"Kosa ni langu," nilisema haraka. "Fundi hajakosea. Mimi si injinia, baba. Mimi nilisomea kupanga nyumba. Vyumba, madirisha, mwanga. Unene wa nguzo huhesabiwa na mtu mwingine, na mtu huyo hakuwahi kuuona mchoro. Niliandika kwamba anahitajika, kisha nikafuta."

Wanawake nyuma waliacha kukaanga. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria mara moja.

"Kwa nini ulifuta?" aliuliza baba mkubwa.

"Niliona haya."

Fundi alishuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilielewa. Nilikuwa nimemsifu wiki iliyopita palepale. "Mimi nimejenga mji huu kabla huyu hajazaliwa," aliwaambia watu. "Nguzo za inchi sita nimeweka mia."

"Za ghorofa, fundi?" nilimwuliza.

"Za nyumba."

"Za ghorofa?"

Akatazama chini. "Ghorofa ndiyo hii ya kwanza. Lakini nilikuwa na mchoro," alisema, na sauti yake ilikatika kwenye neno hilo la mwisho.

Baba mkubwa alinisogelea. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuisoma barua kwa mwanga hafifu. "Ngoja. Unasema wewe si injinia."

"Ndiyo."

"Na anayejua kama nguzo inatosha ni injinia."

"Ndiyo, baba."

"Sasa wewe usiye injinia umejuaje kwamba hazitoshi?"

Kwa siku tisa nilikuwa nimewaza maswali yote ambayo angeweza kuniuliza, na hilo halikuwamo. Niliwaza kwamba ningeweza kulijibu kwa urahisi kabisa. Ningesema nilikuwa natania, ndiyo, mimi ni injinia, na kama injinia naamuru msimamishe. Wangesimamisha. Uongo uleule uliozijenga nguzo ungezuia zege, na mama angebaki na jina lake. Nilifungua mdomo. Lakini injinia huulizwa cha kufuata, na mimi nisingekuwa nacho, na wangenidai nguzo mpya, ningezichora, na mwingine angechukua rula.

Nikatoa simu, nikampigia mwenzangu, nikaweka sauti kubwa. Mtandao ulikuwa unakatika. Alisema waziwazi, vipande vipande, kwamba yeye ni mhandisi na anashauri wasimwage.

Mwenye mashine ya zege, jamaa mwembamba aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, akapiga kofi. "Injinia wa kwenye simu! Hata mimi naweza kumpigia shemeji yangu awaambie yeye ni waziri."

Watu wakacheka, na kicheko kikawalegeza wote. Mama alikuja akanishika kiwiko. "Nyamaza mwanangu," alininong'oneza. "Nyamaza tu. Tutaongea nyumbani."

"Nilihama kule nikalia," alisema baba mkubwa, bila kumtazama mtu. "Nimebeba matofali haya kwa mikono. Mimi na binti yangu na watoto wake tunalala sita chumba kimoja. Leo ndiyo unakuja kusema haya?" Akamgeukia mwenye mashine. "Washa."

Ukutani, kwenye kivuli, kulikuwa na magrili ya madirisha yaliyopakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na kopo lenyewe lilikuwa pembeni, funiko halijafungwa vizuri, brashi juu yake. Sikuwa nimelipangia lolote. Niliweka ndoo chini, nikachukua kopo na brashi, nikaenda kwenye nguzo ya kwanza iliyokuwa karibu na mlango. Nikachora mstari mmoja wa mshazari, kutoka usawa wa uso wangu hadi kiunoni. Nguzo ilikuwa nyembamba kiasi kwamba rangi ilimwagika pande zote mbili. Kisha nikachora wa pili, ukaukata wa kwanza.

Kila mtu Ujiji anaijua X nyekundu. Hakuna aliyecheka.

"Unafanya nini?" aliuliza baba mkubwa. Akaja mbio na kanzu yake, akaweka kiganja juu ya rangi mbichi, akaifuta kwa nguvu, kulia na kushoto, kama alivyoipaka chokaa ile ya kwanza. Nguzo ikawa nyekundu nzima na kiganja chake pia.

Mimi nilikuwa nimeshafika ya pili.

"Mzee," alisema mwenye mashine, na sauti yake haikuwa na utani tena, "mimi mbele ya X siwashi."

"Hujaona ni nani kaichora?"

"Nimeona. Lakini likianguka, nitaulizwa kama sikuiona." Akaivua kofia. "Samahani, mzee wangu."

Fundi alikaa kwenye rundo la kokoto, akaukunjua mchoro wangu juu ya magoti yake, akautazama.

Baba mkubwa alisimama kwenye nguzo ya kwanza mkono wake umelegea, matone mekundu yanaanguka kwenye kanzu. Alinitazama nikichora ya tatu, na ya nne. Hakuja kuifuta. Mama alikuwa ameondoka. Niliiona kona ya kitenge chake ikipotea nyuma ya nyumba ya jirani, upande wa stendi ya bodaboda. Nilitaka kumkimbilia, lakini nilijua nikiliweka kopo chini sitaweza kulichukua tena. Baadhi ya alama zilitoka vibaya, nikazirudia. Nilizipitia zote kwa mpangilio wa mchoro, kama fundi alivyozijenga, ya kumi, ya kumi na moja, hadi ile ya mwisho ya upande wa ziwa, ambapo nilikuwa nimeiondoa nguzo ya jirani yake ili baba mkubwa alione ziwa vizuri, na hapo rangi ilikuwa imebaki kidogo sana, nikalazimika kuikwangua chini ya kopo.